Vyeti vya uongozi vimejaa Juba, wa kuketi nao mezani wako wapi?

CHINI ya kitanda changu hapa Munuki, jijini Juba, kuna sanduku la bati nililorudi nalo kutoka Kenya mwaka wa 2008. Ndani yake kuna vyeti tisa. Kimoja kinasema nimehitimu katika Uongozi Bora. Kingine ni cha Usimamizi wa Wafanyakazi. Kuna cha Utawala na Uwajibikaji, kuna cha Mipango ya Kimkakati, na kuna viwili vya Usimamizi wa Fedha kwa Wasio Wahasibu ambavyo tofauti yao ni rangi ya nembo ya mfadhili tu.

Nimekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kwa miaka kadhaa sasa. Nikiulizwa ni kipi kati ya vyeti hivyo kilichonifunza kuendesha shule, ukweli ni kwamba hakuna. Aliyenifunza ni mama mmoja, karani katika ofisi ya elimu ya wilaya kwenye mji mmoja wa Bonde la Ufa nchini Kenya. Yeye hakunipa cheti chochote.

Ilikuwa mwaka wa 2009 na nilikuwa nimeteuliwa naibu wa mwalimu mkuu. Nilipelekwa Nairobi pamoja na wenzangu kumi na wanane kwa kozi ya wiki mbili ya uongozi. Kozi ilipokwisha, waliotudhamini wakaongeza wiki nne za kile Wakenya hukiita atachimenti: kila mmoja apelekwe kwenye ofisi, akae, afanye kazi. Wengi wetu tulinung'unika. Hoteli ilikuwa imekwisha, posho ilikuwa imepunguzwa nusu, na hakuna aliyetaka kurudi Juba kusema kwamba alikwenda ng'ambo kufungua bahasha.

Basi mimi nilifungua bahasha. Siku ya kwanza yule mama alinipa daftari la barua zinazoingia. Kila barua iandikwe tarehe, namba, imetoka kwa nani, inahusu nini, imepelekwa kwa afisa gani na ilitoka mezani kwake lini. "Barua isiyo na namba, mwanangu, bado haijafika," aliniambia, huku barua yenyewe nikiwa nimeishika mkononi.

Siku ya tatu aliniachia funguo za stoo akaenda benki. Jioni alihesabu karatasi na kukuta rimu mbili zimepungua. Nilikuwa nimewapa maafisa wawili walioniomba kwa heshima, wala sikuwataka watie sahihi. Mama hakugomba. Alinituma nipite ofisi hadi ofisi nikazitafute, na akaniambia nisipozipata zitakatwa kwenye posho yangu. Moja niliipata siku hiyo hiyo. Ya pili niliipata siku mbili baadaye, ikiwa imebaki nusu. Hilo ndilo somo langu la uwajibikaji, na lilinitoa jasho kuliko semina zote nilizohudhuria tangu hapo.

Ili msomaji aelewe kwa nini jambo dogo kama daftari la barua linanishughulisha hivi, inabidi turudi nyuma kidogo.

Mkataba wa amani uliotiwa sahihi Nairobi katika uwanja wa Nyayo mnamo Januari 9, 2005, uliwapa watu wa kusini mwa Sudan serikali yao kabla hawajawa na wa kuiendesha. Katika ofisi za Juba walikutana watu wa aina tatu. Kulikuwa na wale waliobaki mijini wakati wa vita, Juba, Malakal na Wau, wakiitumikia serikali ya Khartoum na kuandika kila kitu kwa Kiarabu. Kulikuwa na wale waliotoka msituni, waliokuwa wamesimamia wilaya chini ya miti kwa miaka mingi, wakiwajua raia kwa majina lakini bila hata kabati la faili. Na kulikuwa na sisi tuliorudi kutoka Kenya, Uganda, Ethiopia na mbali zaidi, tukiwa na Kiingereza na vyeti, na wengi wetu hatujawahi kuajiriwa ofisini hata siku moja.

Mimi niliingia Kakuma mwaka wa 1992, kambi ilipoanza, nikiwa na umri wa miaka kumi. Nilifanya mtihani wa KCPE kambini, nikasomeshwa sekondari na wasamaria wema, kisha nikaenda chuo cha ualimu. Kiswahili hiki ninachoandika nilikipata huko. Niliporudi Juba niliamini kwamba tatizo la nchi ni watu kutosoma. Takwimu zilikuwa upande wangu: utafiti wa kaya wa mwaka wa 2009 ulionyesha kwamba ni asilimia 27 tu ya watu wazima waliojua kusoma na kuandika.

Lakini kuna jambo ambalo sikuliona wakati huo na linanisikitisha hadi leo. Katika ofisi ya kwanza niliyokuwa nikipeleka ripoti kulikuwa na mzee aliyetunza faili kwa zaidi ya miaka ishirini. Ungemtajia jina la mwalimu, angekuletea faili lake kabla hujamaliza chai. Kila kitu kilikuwa kwa Kiarabu. Kiingereza kiliposhika ofisi, na hatimaye katiba ya mpito ya 2011 ikakifanya kuwa lugha rasmi, mzee yule aligeuka kuwa mtu asiyesoma. Hakufukuzwa. Aliwekwa kwenye kiti karibu na mlango. Vijana wa umri wangu tulipita mbele yake kwenda kutafuta faili ambazo hatukujua ziko wapi.

Nchi jirani na wafadhili hawakutuacha. Kenya ilifungua afisi maalum ya kushughulikia uhusiano na Kusini mwa Sudan, na kupitia kwake mamia ya maafisa wetu walikwenda kusomea utawala katika Kenya Institute of Administration, kule Lower Kabete. Afrika Kusini ilileta wahadhiri wa chuo kikuu cha UNISA kuwafunza maafisa wa ngazi za juu. Wengine walikwenda Arusha katika taasisi ya ESAMI, wengine Kampala katika Uganda Management Institute. Hapa Juba kwenyewe hoteli za kando ya Nile zilijaa mabango ya warsha.

Inafaa kulitazama jina la Kabete kwa makini, hasa kwa mwalimu. Taasisi hiyo ilianzishwa 1961, uhuru wa Kenya ukikaribia, ili kuwaandaa Waafrika kushika kazi za utawala zilizokuwa mikononi mwa Waingereza. Tangu 2012 inaitwa Kenya School of Government. Lakini kabla ya hapo, kuanzia 1925, mahali hapo palikuwa na Jeanes School, iliyopewa jina la mwanamke Mmarekani, Anna Jeanes, ambaye mali yake ilitumiwa kusaidia shule za watu weusi vijijini kusini mwa Marekani. Waliochukuliwa Kabete walikuwa walimu ambao tayari walikuwa na uzoefu. Walikuja na wake zao, wakafunzwa, kisha wakatumwa kuzunguka vijijini, kila mmoja akiwa na shule kadhaa za kutembelea. Kazi yao ilikuwa kuingia darasani na kukaa na mwalimu wa kijiji.

Mpango huo ulikuwa wa kikoloni na ulikuwa na nia zake, ambazo wengi wamezikosoa kwa haki. Hata hivyo, kuhusu jambo hili moja waliona sawasawa: aliyefunzwa alitumwa kwenda kukaa na mwenzake.

Semina za Juba hazikufika huko. Tulifunzwa kwa siku tano, tukapiga picha ya pamoja, tukapewa posho na cheti, tukarudi ofisini ambako hakuna kilichobadilika. Aliyepelekwa mara nyingi hakuwa yule anayefanya kazi hiyo, bali yule ambaye zamu yake ya posho ilikuwa imefika. Namjua afisa aliyehudhuria mafunzo ya ununuzi wa bidhaa mara tatu, na hajawahi kununua hata kalamu kwa niaba ya serikali.

Mimi mwenyewe nilirudi kutoka kwa yule mama wa Bonde la Ufa nikiwa na hamasa. Nilinunua daftari kubwa kwa pesa zangu huko Konyokonyo, nikalipigia mistari, nikampelekea mkubwa wangu wa wakati huo. Alilitazama kwa muda. Kisha akaniuliza, "Ustaz, ina maana kila mtu ataona ni barua gani zimefika kwangu?" Nikasema ndiyo. Daftari lile liliingia kwenye droo yake na sikuliona tena. Nilimlaumu sana wakati huo. Leo nadhani alikuwa ameelewa maana ya daftari kuliko mimi.

Mapacha wa ofisini

Mara moja tu nchi hii ilijaribu njia nyingine kwa kiwango kikubwa. Kuanzia 2011, mwaka wa uhuru wetu, nchi tatu wanachama wa IGAD, yaani Kenya, Uganda na Ethiopia, zilituletea watumishi wa umma wapatao 200. Norway ilitoa fedha, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, likasimamia, na Wizara ya Utumishi wa Umma ikaratibu. Serikali zao ziliendelea kuwalipa mishahara, nazo fedha za Norway zikagharamia posho na maisha yao hapa. Kulikuwa na wauguzi na madaktari, wahasibu, wataalamu wa mipango na maafisa wa utawala, na walitawanywa Juba na katika majimbo yote kumi ya wakati huo, kwa muda wa miaka miwili.

Hawakuja kufundisha darasani. Kila mmoja alipewa wenzake wa hapa wa kufanya kazi nao bega kwa bega, na wenzake hao waliitwa mapacha. Pacha wako alikuwa mezani nawe asubuhi, akiandika bajeti ile ile unayoiandika, akipokea simu zile zile.

Katika idara moja niliyokuwa nikifika mara kwa mara alikuwepo mhasibu kutoka Kenya. Tulizungumza Kiswahili, jambo lililomfurahisha kwani siku nzima alikuwa akihangaika na Kiarabu cha Juba. Nilimwona akifanya jambo ambalo sijaliona semina yoyote ikilifanya. Hati ya malipo ilikuja na kosa. Badala ya kuirekebisha, aliisogeza kwa pacha wake akanyamaza. Pacha aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Dakika zilipita na nje kulikuwa na watu wanangoja. Hatimaye pacha akasema, "Jumla ya hapa si ile ya pale." Mkenya akasema, "Basi irudishe kwa aliyeileta, na umwambie wewe." Kumwambia aliyeileta ndiko kulikokuwa kugumu, kwa sababu alikuwa na cheo na alikuwa mtu wa kwao.

Sitaki kuupamba mpango ule. Ulikuwa na kasoro na tuliziona kwa macho. Kuna mapacha ambao hawakuonekana: walikuwa safarini, msibani, au katika kazi ya pili ya kutafutia watoto unga. Kuna ofisi ambazo mgeni alikuta hakuna meza wala kompyuta wala umeme, akakaa wiki nzima akisoma gazeti. Kuna wageni waliochoka kungoja wakaifanya kazi yote wenyewe, na wakubwa wetu wakafurahi kwani ripoti sasa zilitoka kwa wakati. Huko kulikuwa kuazima mikono ya jirani, na jirani akiondoka huondoka na mikono yake. Isitoshe, Januari 2012 serikali ilisimamisha uzalishaji wa mafuta kwa sababu ya mzozo na Khartoum, na mafuta yalikuwa yakileta karibu asilimia 98 ya mapato yake. Ni vigumu kumfunza mtu kusimamia bajeti ambayo haina kitu ndani.

Lakini pale ambapo mgeni alikuwepo, pacha akawepo na kazi ikawepo, vitu hivyo vitatu kwa pamoja, mtu alijifunza. Nawajua watatu wanne ambao hadi leo ndio wanaoshikilia idara zao. Ukiwauliza walisoma wapi, hawataji chuo. Wanamtaja mtu.

Halafu ikaja Desemba 15, 2013. Risasi zilianza Juba, nchi jirani zikaanza kuwaondoa watu wao, na katika ofisi nyingi kiti cha pili kikabaki kitupu.

Amri ya mwezi mmoja

Msomaji wa Kenya au Uganda huenda anakumbuka kilichotokea miezi tisa baadaye. Katikati ya Septemba 2014 Wizara ya Leba ilitoa waraka ukiyataka mashirika yasiyo ya kiserikali, benki, kampuni za simu, za bima na za mafuta, pamoja na hoteli, kuwaondoa wageni katika kazi kadhaa kufikia Oktoba 15 na kuwapa raia nafasi hizo. Orodha ilianzia kwa wakurugenzi na mameneja wa wafanyakazi, ikapitia makarani wa ununuzi, ikashuka hadi kwa wapokea wageni mapokezini. Taharuki ikatanda Nairobi na Kampala. Siku chache baadaye serikali ikalegeza msimamo na kusema haikuwa na nia ya kufukuza watu.

Nchi za nje ziliucheka waraka ule. Sisi wa hapa hatukucheka sana. KCB ya Kenya ilifungua milango Juba mwaka wa 2006, na Equity ikafuata. Hoteli zikajengwa, kampuni za simu zikaja. Kijana wa hapa aliyemaliza Chuo Kikuu cha Juba alipita kila siku mbele ya majengo hayo na kuona kwamba ndani yake raia wenzake ni walinzi, wafagiaji na madereva. Hasira yake ilikuwa ya haki, na anayeibeza hajawahi kutembea kutoka Gudele hadi mjini akiwa na bahasha ya vyeti mkononi.

Kosa la waraka lilikuwa hesabu. Uliwapa waajiri mwezi mmoja wa kumwondoa meneja, na haukutaja hata siku moja ya kumweka mtu kando yake kwanza. Umeneja wa hoteli si siri ya kabila fulani. Ni kujua kwamba jenereta likizimika saa mbili usiku utampigia nani, na nyama iliyoko kwenye friji itakaa saa ngapi. Ni kujua mpishi gani ukimkaripia mbele ya watu hatarudi kesho. Mambo hayo hupatikana kwa kukaa hapo usiku mwingi pamoja na mtu ambaye yalishamfika.

Tumeendelea kutafuta njia ya mkato. Sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya 2016 inataka angalau asilimia 80 ya wafanyakazi wawe raia. Machi 2017 ilitangazwa kwamba ada ya kibali cha kazi kwa wataalamu wa kigeni ingepandishwa hadi dola 10,000. Hatua kama hizi huwahesabu watu na kuwatoza watu, ila hazimfunzi yeyote kazi. Matokeo yake hapa mjini yanajulikana: mashirika huajiri raia, humpa cheo kwenye karatasi, na maamuzi hufanywa na mtu mwingine aliyeko Nairobi.

Kenya wanatoza waajiri pia, lakini kwa shabaha nyingine. Kuna ushuru wa mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na mwajiri anayewafunza watu wake anaweza kurudishiwa sehemu ya gharama. Wanafunzi wa vyuo vya kiufundi huenda atachimenti kama sehemu ya kozi na mwalimu wao huwafuata huko kuwakagua. Si kwamba mambo yote ni mazuri. Vijana wa Kenya wameniambia wazi kwamba wengine hutumwa chai miezi mitatu mizima. Lakini hata wa kutumwa chai huona jinsi mkutano unavyoendeshwa. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2016. Sioni kwa nini benki au hoteli ya jirani inayofanya biashara Juba isitakiwe, badala ya dola 10,000, kuchukua vijana wawili kila mwaka na kuwaketisha kwa meneja, mwaka mzima, kwa mkataba unaokaguliwa.

Nitatoa mfano kutoka shuleni, kwani huko ndiko ninakokujua. Kuanzia 2013 mradi wa GESS, uliofadhiliwa na Uingereza, ulitoa ruzuku kwa shule. Ili kuipata, shule ilitakiwa iwe na kamati, mpango wa maendeleo, bajeti na akaunti ya benki, na mahudhurio ya wanafunzi yatumwe kwa ujumbe wa simu. Kabla ya hapo nilikuwa nimehudhuria mafunzo manne ya bajeti. Sikuelewa bajeti mpaka siku mama mmoja wa kamati, muuza mboga asiyejua kusoma, aliponiuliza mbele ya wenzake kwa nini mbao za madawati zimenunuliwa kwa bei ile ilhali fundi wa mtaani kwake anauza kwa chini. Nilirudi kwa muuzaji kesho yake. Pesa zilikuwa za kweli, na maswali yakawa ya kweli. Wakufunzi waliotutembelea baadaye walikaa nasi juu ya vitabu vyetu wenyewe, wakatuonyesha tulipokosea. Hapo tulijifunza.

Anayefunzwa ndiye anayeondoka

Sasa nifikie jambo ambalo wapenda semina na wapenda mapacha sote hulikwepa. Mtumishi wa umma wa Sudan Kusini halipwi. Na akilipwa, halipwi cha kumtosha. Februari 2024 bomba linalopitisha mafuta yetu Sudan liliharibika kwa sababu ya vita vya huko, mapato yakaporomoka, na watumishi wa serikali wakakaa karibu mwaka mzima bila mishahara. Kabla ya hapo, kuanzia 2017, Umoja wa Ulaya uliwahi kuwalipa walimu wa shule za msingi dola 40 kwa mwezi ili wasiache kazi, na kuna shule ambazo zilibaki wazi kwa ajili ya hizo dola 40.

Katika hali hiyo, ukimfunza mtu vizuri unamfungulia mlango wa kutokea. Mashirika ya kigeni hayatafuti aliye na vyeti tisa. Yanatafuta anayejua kuandika leja, na yanamjua wakimwona. Wakubwa wengine wameshachora hesabu yao: usimfunze mtu ofisini kwako, utampoteza. Nimesikia hoja hiyo mezani na siwezi kusema ni ya kijinga.

Shuleni kwangu nina naibu, mwalimu wa kike wa miaka ishirini na minane, aliyesomea Uganda katika kambi za Adjumani. Kwa miaka mitatu nimemfanyia alivyonifanyia yule mama. Anashika funguo za stoo. Anaandika barua, nami nazitia sahihi baada ya kuzisoma. Mwaka wa kwanza madaftari arobaini yalipotea na nikamtuma ayatafute. Alilia, kisha akayapata thelathini na moja. Mwaka jana nililazwa na malaria na taifodi kwa wiki tatu. Niliporudi nilikuta mitihani imefanyika, ripoti imekwenda, na mzazi mmoja aliyekuwa akinisumbua tangu 2021 amenyamazishwa kwa namna ambayo mpaka leo sijaelezwa.

Mwezi uliopita alikuja ofisini baada ya masomo, akabaki amesimama mlangoni. Shirika moja limempa kazi ya kusimamia ghala huko Bentiu, kwa mshahara wa dola ambao ni mara nyingi zaidi ya wetu hata tungelipwa. Mahojiano yenyewe, alisema, yalikuwa mafupi: walimpa leja yenye makosa, wakamwambia ayaonyeshe. Alikuwa na makosa yote saba ndani ya dakika kumi. "Ustaz, niambie nifanye nini," akasema.

Ana mama mgonjwa na wadogo wanne wanaosoma. Sikuweza kumwambia abaki, na nisingeona haya kama ningeweza. Nilichomwomba ni mwezi mmoja.

Mwezi huo unaisha Ijumaa ijayo. Jana nilipita ofisini kuchukua kofia yangu, nikamkuta amemketisha mwalimu wa darasa la tatu kando yake, leja ya stoo ikiwa wazi kati yao. Katoni mbili za chaki zilikuwa zimetoka bila sahihi. Kijana alikuwa akijitetea kwamba aliyezichukua ni mwalimu mkuu. Ni kweli, nilikuwa nimezichukua mimi. Naibu aliniangalia, akasogeza daftari upande wangu wa meza, akanipa kalamu.